Vya kutafuna kabla ya chakula cha usiku: vinafungua hamu au vinaiua?

#1 JabaliLaNyegezi

Mwadila wakuu.

Nyuma ya nyumba yangu hapa Nyegezi, Mwanza, kuna jabali pana. Jua linalichoma mchana kutwa, na jioni ukilikalia bado lina uvuguvugu. Tangu mwaka jana mimi, mke wangu na majirani wa nyumba mbili tumejijengea mazoea: ikikaribia saa 12 jioni tunapanda na mkeka, kisahani cha kutafuna na kitu cha kunywa, tunalitazama ziwa mpaka mitumbwi ya dagaa iwashe taa. Kisha tunashuka kula. Jumamosi tunakula wote kwangu.

Ninalolileta ni hili. Siku tukitafuna karanga na kushushia bia, chakula kinabaki. Siku tukitafuna dagaa wa kukaanga na juisi ya ukwaju, sufuria inarudi tupu na watoto wanagombea ukoko. Mpishi yuleyule, sato wa mwalo uleule, unga uleule. Nimefuatilia miezi mitatu nikiandika kwenye daftari.

Mwezi uliopita mama alikuja kutoka Magu. Akachinja kuku, akasonga ugali mwenyewe. Sisi tukashuka jabalini tumeshajaa karanga, tukadonoadonoa. Mama hakusema neno. Alifunika sinia akaenda kulala. Lile sinia bado naliona.

Ninaamini kidogo cha kutafuna kinafungua hamu, ila vipo vinavyofungua na vipo vinavyofunga. Wenye kujua sababu, karibuni.

#2 KakaBuzuruga

Sababu ni mafuta, mkuu. Karanga karibu nusu ya uzito wake ni mafuta, na mafuta yanachelewesha tumbo kukisukuma chakula kwenda utumbo mdogo. Ukitafuna viganja viwili saa 12, saa 2 bado zimo. Ongeza bia mbili za mililita 500, hiyo ni lita nzima yenye gesi. Ugali utaingia wapi?

#3 MamaLishe_Mkuyuni

Habari zenu. Nampinga wa #2. Dagaa hao wa kukaanga hawana mafuta? Wanatoka kwenye karai wakiwa wanameremeta.

Nimepikia watu miaka mingi, na ninachokiona ni saa. Mtu akija ana njaa ukamtengea ndani ya nusu saa, anakula vizuri hata kama alishatafuna muhogo mlangoni. Ukimchelewesha saa mbili, njaa inampita. Anakaa, anachukua matonge matatu, ananawa. Halafu lawama zinaiangukia karanga.

Mleta uzi, hilo daftari lako limeandika saa ya kutenga chakula?

#4 JabaliLaNyegezi

#3 Hapana mama, saa sikuandika. Nimeandika kilichotafunwa, kilichonywewa, idadi ya watu na kilichobaki.

#5 MhudumuWaCapri

Nimefanya kazi ya kuhudumia mezani hotelini, upande wa Capri Point, na wageni wa Ulaya walinifundisha jambo hili bila wao kujua. Mtaliano mara nyingi hagusi kitu kitamu tupu kabla ya chakula cha usiku. Anataka kichungu. Wana jina lake kabisa, aperitivo, na Wafaransa wanasema apéritif. Neno linatokana na Kilatini aperire, yaani kufungua. Kwa hiyo hata jina linasema kile anachosema mleta uzi.

Kwao historia inaanzia Torino, Italia, mwaka 1786, ambapo Antonio Benedetto Carpano aliuza divai iliyolowekwa mimea michungu, ile inayoitwa vermouth. Jina hilo limetokana na neno la Kijerumani la pakanga. Ndiyo, pakanga, jamii ya ile tuliyonyweshwa na bibi tukiwa na homa. Na Waingereza wao wanachanganya gin na maji ya toniki, ambayo uchungu wake ni kwinini.

Kisahani chao ni kidogo sana: zeituni tano, karanga chache. Mtu mmoja alikaa na zeituni tano saa nzima. Mwanzoni nilidhani hazipendi, nikaenda kuziondoa, akanizuia mkono.

Maelezo yangu ni uchungu. Ulimi ukikutana na kichungu mate yanajaa, na tumbo linajiandaa. Bia ya kwetu ina uchungu mdogo.

#6 Ng'wanaIgoma

Kwa hiyo pakanga na kwinini zote ni dawa za malaria, na zote ni za kufungua hamu! Wazungu walikuwa wanakunywa kinga ya malaria jioni mbu wanapotoka. Basi na sisi huku ziwani kwenye mbu wengi tunywe toniki, tupate vyote viwili.

#7 MuuguziWaZamu

#6 Tafadhali usiwashauri watu hivyo, huku Kanda ya Ziwa malaria inaua.

Ni kweli Waingereza walioishi India walichanganya kwinini na gin ili waweze kuimeza. Lakini toniki ya leo imewekwa kwinini kwa ajili ya ladha tu. Marekani wanaruhusu isizidi miligramu 83 kwa lita. Mtu mzima aliyekuwa akitibiwa malaria kwa vidonge vya kwinini alikuwa akipewa kama miligramu 600 mara 3 kwa siku, siku 7. Piga hesabu: ni zaidi ya lita 20 za toniki kila siku. Hakuna kinga hapo. Kinga ni chandarua, na ukiwa na homa nenda ukapimwe.

La pili, pakanga inayotiwa kwenye vermouth siyo ule mmea ambao umetoa dawa inayotumika kwenye dawa mseto. Ule wa dawa unaitwa Artemisia annua, wa vermouth ni Artemisia absinthium. Ni ndugu, lakini siyo mmoja.

Kwenye mada yenyewe: kuhusu kileo, uchunguzi umeonyesha mara nyingi kwamba anayekunywa kabla ya kula hula zaidi, siyo pungufu. Kwa hiyo hoja ya #2 kwamba bia ndiyo inayofunga hamu ina walakini.

#8 KakaBuzuruga

Asante kwa sahihisho. Lakini muuguzi, huenda wale wa uchunguzi walipewa glasi ndogo. Huku kwetu mtu akikaa na bia anamaliza tatu. Kiasi kinabadili kila kitu.

#9 Mhaya_wa_Pasiansi

Mmezunguka mpaka Torino wakati jibu lipo Bukoba, ng'ambo tu ya ziwa.

Kwetu Kagera, kabla watu hawajajua chai ni nini, mgeni akiingia ndani alikuwa anapewa kahawa ya kutafuna. Ni buni za robusta zinazochumwa bado changa, zinachemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha zinakaushwa. Unatafuna mbili tatu mnazungumza. Ni chungu kidogo, mdomo unachangamka. Mpaka leo Bukoba zinauzwa zimefungwa kwenye majani ya migomba. Kwa hiyo uchungu kabla ya chakula hatukufundishwa na Carpano.

Halafu wapo senene. Msimu mkubwa ni Novemba na Desemba, mwingine mdogo Aprili na Mei. Unang'oa mbawa na miguu, unawaweka kwenye karai bila mafuta, wanajikaanga kwa mafuta yao wenyewe. Chumvi, kitunguu, basi. Senene wamejaa mafuta kama karanga, na hakuna Mhaya aliyewahi kukataa ndizi kwa sababu alitafuna senene. #2 anijibu hapo.

#10 Ng'wanaIgoma

Mhaya hawezi kuchangia uzi bila kuwataja senene. Niliwasubiri tangu #1.

#11 Mhaya_wa_Pasiansi

#10 Ukiletewa kopo la senene utakuwa wa kwanza kunyoosha mkono, nawajua Wasukuma wa Igoma. Njoo Novemba.

#12 Mgosi_wa_Kirumba

Salaam. Mimi ni mtu wa Tanga, nipo Mwanza mwaka wa tisa. Kwetu kahawa chungu ya kwenye deli inanywewa barazani alasiri na usiku, pamoja na kashata. Kichungu na kitamu vinakwenda pamoja. Na hatuisemi kwamba inafungua hamu ya chakula, tunasema inafungua mazungumzo.

Mwezi wa Ramadhani tunafungua kwa tende na maji au uji wa pilipili manga, tunaswali Magharibi, ndipo tunakaa kwenye futari. Tende ni tamu kabisa, haina uchungu hata chembe, na baada yake watu wanakula mihogo ya nazi mpaka sahani zinang'aa. Hapo hoja ya uchungu inasimamaje?

#13 MhudumuWaCapri

#12 Mkuu, aliyefunga tangu alfajiri hahitaji kufunguliwa hamu. Huo siyo mfano wa haki.

#14 Mgosi_wa_Kirumba

Ni wa haki kwa jambo moja: tende 3, siyo 30. Na baada yake unasimama, unaondoka kwenye sahani, unakwenda kuswali. Ile nafasi katikati ina kazi yake. Mleta uzi anakaa na kisahani hapohapo mpaka giza.

#15 MzeeWaKarabai

Vijana, nimewasoma. Nimevua dagaa kuanzia ujana wangu mpaka mgongo uliponikataza.

Nilipokuwa mtoto tulitafuna furu jioni, siyo dagaa. Furu walikuwa wengi hata hakuna aliyewahesabu kuwa samaki wa kuuza. Vidogo, vya rangi rangi, mama anawakausha, akiwakaanga wanavunjika kama kaukau. Tunapewa wawili wawili tukisubiri ugali uive. Sangara aliingizwa ziwani miaka ya 1950 na 1960, lakini huku kwetu tulimwona kweli miaka ya 1980. Baada ya hapo furu wakapotea. Aina nyingi hazijarudi mpaka leo. Baadhi naona wanarudi kidogo kidogo, lakini siyo kwa wingi ule. Dagaa ndiye aliyeshika nafasi yao kwenye ziwa na kwenye kisahani.

Wajukuu wangu nikiwaambia ladha ya furu hawana mahali pa kuilinganisha.

#16 BintiSengerema

#15 Babu, shikamoo. Bibi yangu anasema hivyohivyo, neno kwa neno.

#17 MwaloniKirumba

Kwa kuwa dagaa wametajwa, ngoja nieleze kwa urefu kidogo, kwa sababu nahisi hapa ndipo daftari la mleta uzi linapopotea. Mimi nawauza.

Dagaa wa kutafuna siyo dagaa yeyote. Kwanza angalia walipoanikwa. Wa kwenye chanja ni safi, wanang'aa kama fedha. Wa kwenye mchanga wana mchanga, na mchanga mmoja kwenye jino unamaliza jioni yote. Ukitaka kujua, chukua kiganja kimoja, sugua juu ya karatasi nyeupe, tazama kinachoanguka.

Pili angalia mwezi. Dagaa wanavuliwa usiku wa giza, kwa taa. Zamani karabai, siku hizi taa za sola na betri. Mbalamwezi ikiwa kubwa taa hazivuti kitu, wavuvi wanapumzika. Kwa hiyo ukinunua sado wakati mwezi ni mpevu ukaambiwa "wa jana", huyo anakudanganya. Ni wa wiki iliyopita, na huenda walinyeshewa. Walionyeshewa wanakuwa na rangi ya njano na harufu nzito. Hao hata ukiwatia pilipili namna gani hawafai.

Kupika: chambua, toa vichwa kama hupendi ule uchungu wa kichwani. Osha haraka kwa maji ya moto mara 2, usiwaloweke. Chuja, watandaze kwenye ungo juani robo saa mpaka wakauke kabisa, la sivyo watarusha mafuta. Mafuta yachemke kweli. Tia kidogo kidogo, dakika 2 hivi, toa kabla hawajawa wekundu, maana wanaendelea kuiva wakiwa nje. Chumvi na pilipili ya kusaga wakiwa bado wa moto. Limao likamuliwe mezani, siyo jikoni. Ukilikamua mapema wanalegea.

Sasa tazama: dagaa wakikaangwa hivyo ni wepesi. Kiganja kizima cha dagaa kinajaza mkono lakini uzito wake ni mdogo sana ukilinganisha na kiganja cha karanga. Mtu anadhani ametafuna sawa, kumbe hajatafuna sawa. Mimi sababu yangu ni hiyo, uzito. Mpime kwa mizani.

#18 MtotoWaUjiji

Maelezo mazuri sana #17. Ila dagaa wa kutafuna wa kweli ni wa Kigoma. Wa Mwanza ni haohao, wadogo tu.

#19 MwaloniKirumba

Siyo haohao, ndugu yangu. Wa Kigoma ni jamii ya sardini, wa Ziwa Tanganyika. Wa Victoria ni samaki mwingine kabisa, ukoo wake uko karibu na yule samaki anayeitwa ningu kuliko hao wa kwenu. Wanaitwa jina moja kwa sababu wote ni wadogo na wote wanaanikwa. Wa Kigoma ni watamu, nakubali, na bei yao inasema hivyo.

#20 MamaLishe_Mkuyuni

#17 umemaliza. Naongeza moja tu: vichwa msivitupe, wasagieni kuku wale.

#21 MwalimuWaJiografia

Kuna jambo hamjalitaja: jua. Saa yetu Tanzania nzima ni moja, lakini Mwanza iko kama nyuzi 6 na zaidi magharibi ya Dar es Salaam, na kila nyuzi moja ni dakika 4. Kwa hiyo jua la Mwanza linazama kama dakika 25 baada ya la Dar. Saa 12 na nusu Dar ni magharibi, hapa bado unaona rangi ya maji. Mtu wa Mwanza anakaa nje zaidi na anakula akiwa amechelewa kwa saa ya ukutani, ingawa kwa saa ya jua hajachelewa. Nilipohamishiwa huku kutoka Dar, mwezi wa kwanza nilikuwa nakula saa 3 usiku bila kujua kwa nini.

Hii inaipa nguvu hoja ya #3. Jabalini mnasubiri giza, na giza la huku linachelewa.

#22 Ng'wanaIgoma

Mwalimu, hii sikuwahi kuifikiria. Kwa hiyo Bukoba na Kigoma ni zaidi tena?

#23 MwalimuWaJiografia

Ndiyo. Kila unapokwenda magharibi.

#24 DerevaWaGeita

Mimi nilikuwa natafuna kwenye foleni ya kivuko Kigongo. Karanga, mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, ukifika nyumbani huwezi kula. Mke wangu alidhani nakula kwingine. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe Juni 2025 napita moja kwa moja, kilomita 3 na ushee, dakika chache nipo Sengerema. Sasa nakula nyumbani. Natoa ushahidi tu, sababu mtajua wenyewe.

#25 Anayeishi_na_Sukari

Naomba niwakumbuke wenzangu wenye kisukari wanaosoma. Kwa muda mrefu nilikuwa natafuna matobolwa jioni, vile vipande vya viazi vitamu vilivyokatwa vikakaushwa vibichi, na soda. Sukari ilikuwa inapanda, halafu chakula cha usiku nakiona kama adhabu. Nimebadili, sasa ni njugu mawe za kuchemsha na chumvi kidogo, na maji yenye limao na tangawizi. Nakula mlo wangu vizuri. Karanga na njugu hazipandishi sukari kwa kasi kama viazi. Kwa hiyo mimi karanga naitetea.

#26 BintiSengerema

#25 Pole, na hongera kwa kubadilika. Sahihisho dogo: vinavyokatwa vikakaushwa vibichi ni michembe. Matobolwa vinachemshwa kwanza ndipo vinakatwa na kuanikwa, ndiyo maana unaweza kuvitafuna vikavu hivyohivyo. Michembe lazima uipike.

#27 Anayeishi_na_Sukari

Kweli kabisa, ni matobolwa nilikuwa natafuna. Asante binti.

#28 BintiSengerema

Sasa nirudi kwenye mada, kwa sababu nimesoma kuanzia #1 na hakuna aliyeuliza nani anawakaanga hao dagaa.

Mleta uzi amesema wanapanda jabalini yeye, mke wake na majirani. Karanga zinanunuliwa njiani zikiwa tayari kwenye karatasi. Siku ya karanga mke anapanda nao saa 12, anakaa, wanashuka giza limeingia, ndipo anawasha jiko. Chakula kinatengwa saa 3. Siku ya dagaa mke yuko jikoni tangu saa 11, jiko limewaka, maji ya ugali yanachemka upande wa pili, ukwaju umelowekwa tangu asubuhi. Wanashuka, chakula kipo. Hiyo ndiyo tofauti, haimo kwenye kisahani.

Nimekulia kwenye nyumba ambayo wageni walikaa nje na vinywaji na mama alikuwa anatokea mlangoni kuleta sahani na kurudi. Nilijua kicheko chake kwa kukisikia kikitokea jikoni. Sikumbuki jioni hata moja aliyokaa kwenye kiti kabla wageni hawajaondoka. Ndiyo maana nauliza.

#29 MuuguziWaZamu

Hoja nzito.

#30 JabaliLaNyegezi

#28 Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Nikamwonyesha mke wangu. Akasema: "Huyo binti ameniona." Akasema siku za dagaa anapanda jabalini mwishoni tu, na mara nyingine hapandi. Kwenye daftari nimeandika idadi ya watu, na nilipoipitia tena, siku za dagaa tulikuwa watano, siku za karanga sita. Namba ilikuwepo mbele yangu miezi mitatu.

Jumamosi nitakaanga mimi. Nitaleta majibu.

#31 Mhaya_wa_Pasiansi

Hapo umenena. Ila usilikamue limao jikoni, #17 ameshakuonya.

#32 KakaBuzuruga

Mkuu, ukitaka majibu ya maana badili kitu kimoja tu. Bia ibaki, karanga zibaki, saa tu ibadilike. Ukibadili vyote hutajua ni kipi.

#33 MhudumuWaCapri

Na jaribu siku moja kitu kichungu. Hata ngogwe, zile nyanya chungu, zikatwe nyembamba, chumvi na ndimu. Bila kileo pia inafaa: juisi ya choya isiyo na sukari nyingi ina ukali unaofanana na ule wa vinywaji vyekundu vya Wataliano.

#34 Mgosi_wa_Kirumba

Choya na barafu, na kachori za viazi ndogo ndogo. Hapo tumekubaliana, ndugu yangu wa hotelini.

#35 JabaliLaNyegezi

Nimerudi.

Ijumaa nilikwenda Mwaloni, nikapata dagaa wa chanja, nikawasugua kwenye karatasi nyeupe kama nilivyofundishwa. Jumamosi saa 10 nikaanza. Nimeunguza mkupuo wa kwanza, wa pili ukatoka vizuri. Kuku alikuwa ameshaungwa tangu mchana, mimi nikasonga ugali. Mke wangu alipanda jabalini saa 11 na nusu na kitenge chake, akakaa mpaka jua likaingia ziwani. Alikunywa choya. Wanaume tulikunywa bia, Balimi mbili kila mmoja. Kulikuwa na dagaa na karanga pia. Saa 1 na robo nikatenga.

Chakula kimekwisha. Hakuna kilichobaki, hata mchuzi.

#36 MamaLishe_Mkuyuni

Saa! Nilisema.

#37 MwaloniKirumba

Dagaa wa chanja hao.

#38 KakaBuzuruga

Bia zilikuwepo na karanga zilikuwepo na chakula kimekwisha, kwa hiyo hoja yangu ya mafuta imepata pigo, nakiri. Lakini mleta uzi, mlikuwa wangapi?

#39 JabaliLaNyegezi

Tulikuwa nane. Wapwa wangu wawili walipita kutoka uwanja wa Nyamagana, walikuwa na mechi.

#40 KakaBuzuruga

Basi jaribio limeharibika, mkuu! Vijana wawili waliotoka uwanjani wanamaliza sinia peke yao. Hatuwezi kusema lolote. Rudia.

#41 Anayeishi_na_Sukari

Naungana na #40. Na kukaa wengi kwenyewe kunaongeza kula. Mimi nikila peke yangu nachukua nusu.

#42 BintiSengerema

Rudieni, ila mke abaki jabalini. Hilo msilibadili.

#43 JabaliLaNyegezi

Halibadiliki hilo. Jana nilimpigia mama Magu nikamweleza yote, na habari ya sinia pia. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza kama nilitoa vichwa vya dagaa. Atakuja akimaliza kuvuna mpunga, na ataleta matobolwa. Nataka siku hiyo akae na yeye pale juu, nimpelekee kisahani.

Nataka dagaa wa maana kwa siku hiyo. #17, nitafute lini?

#44 MwaloniKirumba

Wiki hii usije, mwezi umeshajaa, wavuvi wamelala. Subiri giza lirudi, siku kama 8 kuanzia leo. Njoo asubuhi na mapema, kabla ya wenye magunia. Nitakuwekea sado moja ya chanja.

#45 MzeeWaKarabai

Ukiona mwaloni kuna hata furu kidogo, mchukulie mama yako. Atakumbuka.